Jinsi Nilivyoipunguza Serikali ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 9 Februari
Miaka sita na miezi minne tangu nitoke Kimilili. Mgongo unauma. Kutwa nimepanga makatoni ghalani na Brandon, na kutwa Brandon amenifundisha falsafa. Yeye ni mhafidhina. Wakati wa chakula anasoma vitabu vinene. Anasema serikali iwe ndogo. Ilinde mipaka, iendeshe mahakama, itengeneze barabara, kisha ikae kando. Yaliyobaki ni ya familia, makanisa na majirani. Hayo ya majirani aliyaeleza kwa urefu, ila mimi nilikuwa nimeshaelewa. Mimi hushika mambo haraka. Ndiyo maana darasa la nane lilinitosha.

Serikali kubwa kuliko zote ninazozijua inaitwa Goretti.

Tunaishi wanne hapa Brooklyn Center, Minnesota: mimi, Muriuki dereva wa lori, Bagalwa Mkongo fundi rangi, na Goretti anayehudumia wazee. Goretti amebandika ratiba ya zamu kwenye friji. Nani anaosha sufuria, nani anatoa takataka, nani anaondoa theluji kwenye ngazi za nje. Miaka mitatu tunatawaliwa na karatasi! Itaondoka.

Jumatano, 11 Februari
Ushindi! Nilihutubu jikoni dakika ishirini, nimesimama. Uhuru! Kila mtu na wajibu wake! Muriuki akauliza, buda, hata sufuria? Nikamwambia hata sufuria. Akainua mikono yote miwili. Bagalwa akasema, bon, kwao aliona serikali ikianguka na hakupenda yaliyofuata, lakini hii ni ya friji tu. Akaunga mkono. Goretti akaing'oa karatasi mwenyewe, akaikunja taratibu, akasema sawa Baba Natasha, Mungu akubariki na huo uhuru wako. Akaenda kulala. Hana hoja!

Mama Natasha, mke wangu, alipiga simu kutoka Kimilili. Mahindi yanapandwa mwezi wa tatu, na safari hii nipande naye au nisije tena kabisa. Nikamwambia tiketi ninayo, ya Jumamosi tarehe 7 Machi. Kinachosubiriwa ni kadi ya ukaaji tu. Wakili anasema imeshawekwa posta. Bila kadi, nikitoka Marekani sirudi. Lakini itafika. Kazi chache ambazo serikali inaruhusiwa kufanya, naitarajia izifanye vizuri.

Jumamosi, 14 Februari
Theluji inchi tisa. Watu huru wanne ndani ya nyumba. Hakuna aliyegusa beleshi. Muriuki alipita juu yake na viatu vya kazi, Bagalwa akapita, nikapita. Ikashindiliwa vizuri sana. Ningeweza kuiondoa mimi, lakini kiongozi akishika beleshi siku ya kwanza, ameshaingia zamu.

Sufuria ya ugali ya Jumatano bado iko kwenye sinki. Imeanza kuwa na sura.

Jumanne, 17 Februari
Ngazi ni barafu tupu. Mama wa posta alisimama chini na bahasha mkononi, akatazama juu, akatikisa kichwa. Nilimpungia dirishani. Akanipungia. Akaondoka na bahasha! Amebandika kikaratasi kwenye nguzo: hapandi hapa mpaka ngazi zisafishwe, na barua zikikaa sana zitarudishwa zilikotoka.

Zitarudishwa! Siku kumi na nane kabla ya ndege.

Sina hofu. Nina mpango.

Jumatano, 18 Februari
Ndoo kwenye kamba. Niliiteremsha kutoka kibarazani mpaka usawa wa kifua chake. Kazi safi! Akasema haruhusiwi kutia barua kwenye ndoo. Nikamwambia hili ndilo tatizo lenyewe analolisema Brandon. Akasema yeye hamjui Brandon. Akawasha gari.

Goretti aliona yote kutoka jikoni. Aliuliza kama ndoo ile ni ya kupigia deki. Ndiyo ilikuwa yenyewe.

Alhamisi, 19 Februari
Maji ya moto, sufuria mbili kubwa, ngazi zote saba. Barafu ikayeyuka mbele ya macho yangu! Nilimwita Muriuki aje aone sayansi. Alipofika ilikuwa imeganda tena, sasa laini kama kioo. Muriuki akasema, buda, miaka sita uko Minnesota.

Ijumaa, 20 Februari
Nimeshuka ngazi zote saba kwa makalio. Bagalwa alikuwa chini, akasema pole kaka mara saba, moja kwa kila ngazi.

Kazini nilikaa juu ya mto. Nilimweleza Brandon. Alicheka mpaka akaweka katoni chini. Kisha akawa mkali. Akasema ile ratiba haikuwa serikali. Ile ndiyo ilikuwa majirani! Watu wanne waliojipangia wenyewe bila polisi wala kodi. Hicho ndicho wahafidhina wanachotaka kihifadhiwe. Kitu kikifanya kazi miaka mitatu, uliza kwanza kinafanya nini kabla ya kukitupa.

Nimesikitika. Brandon ameanza kuegemea kushoto.

Jumamosi, 21 Februari
Kadi imefika! Ninayo mfukoni mwa shati.

Nilipoamka ngazi zilikuwa nyeusi, kavu, zimenyunyiziwa chumvi. Bagalwa alikuwa na sururu, akivunja barafu ya mwisho. Hakuna sheria, hakuna amri, na mtu ameshika sururu kwa hiari yake! Huu ni ushahidi. Goretti akasema yeye ndiye aliyemwamsha, chumvi alimtuma Muriuki, na ngazi tatu za juu amefanya mwenyewe. Akanionyesha friji. Ratiba mpya, sahihi tatu. Sufuria zote ni zangu mpaka siku ya kusafiri. Sikubishana. Ni hatua ya mpito.

Nadharia haina kasoro. Nyumba ndiyo ilikuwa ndogo mno kwa jaribio.

Nimempigia Mama Natasha kumwambia nakuja, tena nakuja na mawazo. Pale kijijini kuna kamati ya maji inayowapangia watu siku za kuchota. Nitaivunja. Watu wachote kwa uhuru! Akasema, Baba Natasha, mwenyekiti wa hiyo kamati ni mimi.

Vizuri zaidi. Tutamalizana nyumbani.

Natua Jumapili tarehe 8 Machi. Jumatatu naivunja. Natarajia kurudi Minnesota tarehe 4 Aprili, labda mapema.