Saruji Chini ya Garimoshi Letu

Jumatatu, 3 Juni
Dwight kinyozi kaniambia watu wa Larkburg, ng'ambo ya mlima, wanalitaka garimoshi letu. Letu! Lilipandisha madini na kondoo hadi kwenye theluji kabla Larkburg haijapata hata kanisa. Sasa limetulia bustanini, juu ya reli yake ya zamani, mbele ya dirisha langu. Lorene Stupka, fundi mkuu wa chama cha kulitunza, hajanidokezea. Vema. Nitajitegemea.

Jumanne, 4 Juni
Alfajiri nimemwaga saruji kwenye magurudumu, nikafunika kwa kokoto. Larkburg waje sasa! Nimekula mayai manne.

Alhamisi, 6 Juni
Mkutano wa chama. Kumbe Larkburg walitaka kuazima mabenchi. Dwight kasema huenda hakusikia vizuri, mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma. Kisha Lorene katangaza: mkaguzi ameridhika, Jumamosi garimoshi litatembea kwa mvuke wake lenyewe, mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto mchanga. Na wa kupiga kengele ni mimi, kwa kuwa hakuna alipendaye kama mimi. Makofi. Nimesingizia kiungulia, nikatoka.

Ijumaa, 7 Juni
Nyundo na tindo tangu asubuhi. Waliouliza nimewaambia naondoa kutu. Lorene katazama kitambo, akauliza ni kutu gani ya kijivu. Nimemjibu ni ya milimani. Kidole gumba kimevimba. Limebaki gurudumu moja. Pengine halitajali.

Jumamosi, 8 Juni
Limejali. Mji mzima umekuja, wengine na viti vyao. Lorene kaachia mvuke. Garimoshi likatetemeka, likagoma. Nikapiga kengele kwa nguvu ili watu wasitambue.

Lorene hakugeuka. "Harlan, saruji mifuko mingapi?"

"Mmoja tu."

"Haya, shuka ukabomoe. Tunakungoja."

Nimebomoa mbele ya wote. Nilipomaliza, Dwight alikuwa keshakalia nafasi yangu. Garimoshi likanipita polepole, likikohoa, mvuke wake ukanilowesha uso. Nililitazama hadi likapotea konani. Nikajifuta macho. Vumbi la saruji, nadhani.

Jumapili, 9 Juni
Lorene kaniletea mkate wa tufaha. Kanisamehe, wiki ijayo kengele ni yangu. Ombi lake ni moja: nisiguse kitu kingine chochote. Nimeahidi.

Lakini nimewaza. Garimoshi sasa linatembea, na kinachotembea huibiwa. Kesho naenda kununua mnyororo.