Mwarobaini Wangu Pale Kanisani

Jumapili, 3 Agosti

Mchungaji Denis katutisha leo. Wakati wa mvua kila mama wa kanisa letu hapa Miyuji alipanda mwarobaini uani kwa kanisa, akaufunga kibati cha jina lake, akaapa mbele ya watu kuumwagilia kila siku kiangazi chote. Mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Sasa anasema tarehe ishirini na nne kuna ukaguzi. Mama ambaye mti wake umekauka hatapiga ngoma sikukuu ya mavuno. Mimi! Ngoma ya muheme nimeibana kwa magoti tangu sijaolewa! Nikinyang'anywa anapewa Loisi, wifi yangu, anayepiga ngoma kama anatwanga mawe. Nimekwenda kuutazama mti wangu. Fimbo. Tangu Juni sijaupelekea tone.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeumwagia maji ya kufulia. Maji ni maji. Loisi kapita, kaniamkia kwa heshima zote, halafu kauliza, wifi, unataka mti uote au utakate? Nikamwambia wa kwake umenenepa kwa umbeya anaoumwagia. Nyumbani mume wangu Obedi kauliza ndoo iko wapi. Nimemfokea. Mzee tangu astaafu kazi yake ni kuuliza ndoo.

Alhamisi, 14 Agosti

Jamani! Fimbo imetoa majani. Mekundu mekundu, laini kama sikio la kichanga. Na mimi tangu ile Jumanne sijakanyaga pale, mgongo umekataa. Nikapiga magoti hapo hapo vumbini, kitenge kipya na yote. Mungu kaniona mimi, Zipora, na uvivu wangu, na bado kaleta majani!

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoa ushuhuda. Nikasema mti wangu unamwagiliwa na malaika. Kina mama vigelegele. Loisi kanyamaza, kinywa kama kashonwa. Obedi kule kwa wanaume kashikwa na kikohozi kisichoisha. Nikamkata jicho.

Ijumaa, 22 Agosti

Imani ni imani, lakini ukaguzi keshokutwa. Nikakata tawi la ua wa minyaa nyumbani kwetu. Minyaa haimwombi mtu maji. Nilitaka nilichomeke pembeni ya mti wangu, na majani yale yakidondoka kibati chenye jina langu nakihamishia huko. Nikaenda alfajiri watu wasinione.

Nikamkuta Obedi. Na mguu wake ule mbovu, na kidumu. Anamimina kwa kikombe, taratibu, kama anamnywesha mgonjwa. Kauzungushia miiba mbuzi wasiule. Nikauliza kwa ukali nani kamtuma. Hata hakugeuka.

“Uliapa, mama Sila. Na mimi siku ya ndoa niliapa kwamba mzigo wako ni wangu.”

Mimi! Miaka yote hii nilidhani kiapo cha ndoa ni cha siku ile, kama pilau. Kumbe mzee huyu bado yumo ndani yake, asubuhi kwa asubuhi, bila kumwambia mtu. Nilimwogopa, kama unavyoogopa kuingia kanisani peke yako. Tawi nikalitupa. Nikasimama nikamtazama mpaka maji yakaisha.

Jumapili, 24 Agosti

Mti umepita! Ngoma ni yangu! Mchungaji kauliza malaika wangu wanakuja saa ngapi. Nikasema kweli mbele ya wote: malaika ni Obedi, anachechemea. Loisi kalia, maana ni kaka yake.

Moyo ukanijaa. Mtu mwenye mume wa namna hii aogope kuapa kwa nini? Nikasimama tena. Nikaapa kupanda miarobaini kuzunguka kanisa lote, pande zote nne, na kuimwagilia kwa mkono wangu kila siku mpaka nife. Vigelegele! Sijawahi kupigiwa vile.

Sasa tumerudi. Obedi yuko nje anaosha kidumu cha pili. Nimemwambia aache kujisumbua, kiapo ni changu na nitakitimiza mwenyewe. Kesho sidhani, kwa huu mgongo. Jumanne lazima.