Gogo la Mkangazi na Majaribio ya Bure

Jumatatu, 4 Agosti

Mkangazi wetu umeanguka. Upepo wa jana umeung'oa na mizizi yake, ukalala uani kama mgeni mlevi. Nyumba haikuguswa. Choo kimeguswa, lakini kile choo nilikuwa sikipendi.

Marehemu mume wangu aliupanda mwaka tuliohamia hapa. Seremala yule. Kila jioni aliutazama na kusema mti huu utakuwa meza. Amekufa akiutazama, miaka mitatu sasa.

Wanangu wamekuja kuuona, kila mmoja kwa saa yake. Hawasemezani tangu mazishi, kisa vifaa vya baba yao. Kifungua mimba wangu alichukua randa zote, kitinda mimba akachukua patasi zote. Sasa Kifungua analainisha asichoweza kuunganisha, Kitinda anaunganisha asichoweza kulainisha. Hakuna aliyetengeneza hata kigoda! Kifungua akasema gogo tuwape wachoma mkaa. Kitinda akaja saa mbili baadaye akasema vilevile. Siku wakikubaliana, wanakubaliana upuuzi.

Nimelikalia gogo. Nimesema: meza. Ubao mmoja mpana, bila kiungo, wakae wote wawili na wake zao na wajukuu wangu. Meza ikiwa moja, atakayenuna atakwenda kunung'unikia wapi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda duka la mashine za kupasulia mbao. Muuzaji ana tai na meno mengi. Anasema njia ni mbili. Kwanza, msumeno wa mnyororo unaofungwa kwenye fremu na kutambaa juu ya gogo. Huo unapasua unene wowote, ila unakula mbao. Kila mkato unaacha unga wa kujaza gunia. Pili, mashine ya msumeno wa utepe, unaozunguka kama mkanda wa cherehani. Mkato mwembamba, ubao safi, lakini mdomo wake mdogo.

Mdogo kiasi gani? Akanipa karatasi ya tarakimu. Nikamwambia baba, mimi darasa sikulikanyaga, herufi nilizijulia kwenye mbao za mume wangu alipoandika kazi ya nani ni ipi. Nipe kamba. Nikapima ule mdomo. Gogo langu limeuzidi kwa shubiri nzima.

Akauliza nachukua ipi. Nikasema kiatu chenyewe sinunui bila kukivaa. Mashine zije kwangu, kila moja ikate kidogo, ndipo nichague. Akakubali! Akayaita majaribio ya bure.

Njiani nikawaza. Mkato wa bure, halafu mkato wa bure. Kwani gogo lina mikato mingapi?

Nikamweleza jirani yangu Meneja, aliyestaafu ghalani zamani na bado anatembea na funguo. Akanionya kwamba watu si wajinga, Mama. Sijasema ni wajinga. Nimesema ni wakarimu.

Jumatano, 6 Agosti

Wa mnyororo amefika. Kwanza ameondoa mizizi na matawi. Sikumwomba. Nilijisemea tu, kwa sauti, kwamba sidhani kama mashine ile inaweza.

Kisha akaweka ubao ulionyooka mgongoni mwa gogo, fremu ipite juu yake. Mkato wa kwanza ukipinda, akasema, yote inayofuata itapinda. Akapita. Kelele! Kuku wamehamia kwa Meneja. Likatoka banzi la kwanza, ule ubao wa nje wenye magome. Nikaguna, nikasema labda upande huu ulikuwa laini, tuone ule mwingine. Likatoka banzi la pili.

Gogo limekonda. Sasa linaingia mdomoni mwa utepe.

Nikamwambia nitafikiri. Akanitazama sana. Nikamwongezea chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Wa utepe alikuja na mashine ikivutwa na pikapu, safi kama sahani. Akauliza kama gogo lina udongo au kokoto. Nikasema nimeliosha kwa mikono yangu. Kweli niliosha. Utepe ukaimba, ukaimba, halafu paa! Vipande viwili.

Msumari.

Nilikuwa naikumbuka ile misumari tangu Jumatatu, ila niliikumbuka polepole. Kila mwaka mume wangu aliwasimamisha wanangu pale, akapigilia msumari juu ya kichwa. Upande huu Kifungua, upande ule Kitinda. Mti ukanenepa ukaimeza yote.

Yule bwana akafoka kwamba mtu mzima kama mimi sina haya. Nikamjibu hakuuliza habari ya misumari. Kisha tukainama wote wawili. Mbao kuzunguka msumari ilikuwa nyeusi, kama jicho la mtu aliyekesha. Akauliza msumari ule ni wa nini. Nikamwambia. Alipokuwa akifunga mizigo akasema gogo hili halitaki mashine, linataka mkono unaohisi.

Nimemkosea mtu yule. Nitampelekea kuku. Si yule anayetaga.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nzima nimekaa karakana ya marehemu. Kuta tupu. Walibeba kila kitu wanangu, hata misumari iliyopinda. Kasoro kimoja: msumeno wa watu wawili, mrefu kuliko mimi. Hakuna aliyeugombea, kwa sababu hakuna awezaye kuutumia peke yake.

Nilicheka hadi nikalia. Au nilianza na kulia, sikumbuki.

Nimemwambia Kifungua aje kesho, mdogo wake hatakuwepo. Nimemwambia Kitinda aje kesho na patasi, kaka yake hatakuwepo.

Jumapili, 10 Agosti

Wamekutana getini. Wote wakageuka. Nikafunga geti, ufunguo nikampa Meneja auchanganye na zake.

Majirani walituvingirishia gogo juu ya shimo la mizizi. Mmoja asimame juu aongoze mstari, mwingine ashuke shimoni avute na kula unga wa mbao. Kifungua akapanda juu, eti yeye ndiye mkubwa. Kitinda akaniambia nimwambie mwanangu ashuke. Nikasema mimi siye posta.

Robo saa wakagombana na msumeno bila neno. Ukabana. Ukabana tena. Mwishowe sauti ikatoka shimoni: usisukume, kaka, vuta tu! Kifungua akajibu anayesukuma ni wewe, mbishi kama baba!

Miaka mitatu. Nikatafuta pa kukaa.

Kila wakipasua urefu wa mkono mmoja, wakabadilishana nafasi. Msumeno ukigusa msumari unalia, wanasimama, Kitinda anauchimbua kwa patasi. Kumi na mmoja, pamoja na ule wa Ijumaa. Wakaanza kubishana nani alikuwa mrefu akiwa na miaka saba. Wakachukua kamba kupima matundu ya misumari. Sikuwaamulia. Ugomvi ule ulikuwa na afya.

Jumanne, 12 Agosti

Ubao umetoka jana. Mpana, mwekundu, unanukia kama mikono ya marehemu. Ila ni mbichi. Wanasema ukae kivulini mwaka mzima, ugeuzwe kila mwezi, ndipo Kifungua alete randa. Ni mzito, kuugeuza kunataka watu wawili. Wamepanga siku zao. Mimi nilijifanya nachambua mchele.

Lakini mwaka! Umri huu naombwa mwaka? Leo nimepita dukani. Mwenye tai ana randa ya umeme, anasema ubao mbichi haufai. Nikamwambia labda randa yake ndiyo haifai. Anakuja Alhamisi kunionesha. Bure.

Wanangu wanadhani misumari ilikuwa kumi na mmoja. Ilikuwa kumi na miwili. Wa kwanza kabisa mume wangu aliupigilia juu ya kichwa changu, siku aliyobisha kwamba mimi ni mfupi kuliko ninavyosema. Upo katikati ya ubao, chini kidogo tu ya uso. Nikipitisha kidole naujua. Sijawaambia. Nataka ubaki mezani.

Mwenye tai hajauliza.