Nyusi Aliniita Kijiti

Jumatatu, 3 Juni

Nyusi anakuja! Mjukuu wangu kaniambia asubuhi, nikameza pini. Ndogo tu, ya kushikia kitambaa. Imeshuka salama. Tumbo langu limezoea vyuma.

Nyusi yule yule wa sinema. Yule aliyekuwa akinyanyua nyusi moja tu, majambazi kumi wanadondosha bunduki. Mzee sasa, lakini simba akizeeka hawi paka. Anakuja Jumamosi kufungua lile duka jipya la makochi, lile la vioo, mtaa wa pili. Ndipo mjukuu anapofanya kazi. Kweli duka lile limekuja kunila mzima mzima, mimi fundi wa makochi. Nyusi nimemsamehe. Hajui. Wamemdanganya.

Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa kajilaza kwenye kochi la mteja wangu, anasubiri vichwa. Nikamkumbusha kwamba mimi na Nyusi tunajuana. Akasema hadithi hiyo ameisikia mpaka ameota mvi. Nikamwambia mvi zake ni za husuda.

Nikaisimulia tena, sikungoja kuombwa. Sinema yetu ilikuwa ghala. Shuka kubwa limetundikwa mbele, sisi watoto tumekaa sakafuni, chini yake. Mama alikuwa kazikwa wiki ile. Dada yangu akanipeleka, akaniweka mstari wa mbele kabisa, akaniambia nitulie, akaondoka. Nikalia kimya kimya, kamasi mpaka kidevuni. Basi Nyusi akatokea na farasi wake, uso mkubwa kama nyumba. Akanitazama. Mimi! Akasema kwa sauti nzito, kama radi iliyo mbali: "Kijiti, usilie. Mimi nipo."

Kijiti! Jina langu la nyumbani! Nani alimwambia?

Kinyozi akasema sinema zile zilikuwa za lugha ya kigeni, na kila mtu anajua mfasiri alikaa nyuma ya shuka na tarumbeta ya bati, anawasemea waigizaji. Nikamwambia unanifundisha nini, mfasiri alikuwa mjomba wangu mwenyewe. Mjomba sauti yake ilikuwa ya mbuzi mwenye kifua. Aliwasemea wale wadogo wadogo, wanaopigwa risasi mapema. Nyusi alijisemea mwenyewe.

Akasema haya, tuwekeane dau. Jumamosi Nyusi akikiri mbele za watu kwamba aliniita Kijiti, yeye Kinyozi atamtangazia kila anayekaa kitini pake kwamba mimi ni mkweli. Asipokiri, ninyamaze. Hakuna hadithi, hakuna utani, mpaka mwezi uandame.

Mimi ninyamaze! Bora angesema nisipumue. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umepatikana. Umenijia wenyewe, kama mipango yangu yote mizuri.

Nyusi hakukaa kitini hata siku moja. Akila, kasimama. Akilala, kalala juu ya farasi. Mtu aliyesimama hivyo maisha yake yote miguu lazima inamuuma. Namtengenezea kigoda. Mahameli nyekundu, sufi safi ndani, miguu ya mbao nzito. Nampelekea jukwaani, anakaa, anashusha pumzi, ananitazama. Kijiti! Imekwisha.

Mahameli nimekata kwenye mapazia ya Dada. Ya nyuma ya kabati, asikoangalia.

Kaangalia. Dada ananizidi miaka michache tu lakini anajiona kanizaa. Tunaishi wawili tangu wenzetu walipotutangulia, na kila siku ya Mungu tunagombana juu ya sabuni. Yeye akiniita kula, wanakuja na majirani. Leo kanigombeza mpaka vikombe vikacheza kabatini. Kaniambia we mtoto, utaaibika na uzee wako, huyo mtu hakujui wala hukumjua. Nikamwambia asiingilie mambo ya wanaume. Akaenda kuosha masufuria.

Mchana nilichambua sufi. Jua linaingia kwenye tundu la bati, linashuka kama mkia wa taa ya sinema, na sufi inapanda humo ndani pole pole, nyeupe, haina haraka na mtu. Nikalala na nyundo mkononi. Nyusi akaja. Farasi akapita juu ya mito bila kuitoboa, akainamisha shingo akala kidogo ya sufi yangu, akaisifu. Mama alikuwa amekaa kwenye lile kochi lisilo na mgongo, kanyoosha miguu, anacheka kama alivyokuwa akicheka sinema, mkono mdomoni. Nilikuwa na swali la kumuuliza.

Kinyozi akaniamsha akitaka mkasi.

Alhamisi, 6 Juni

Pigo. Mjukuu kasema meneja hataki kigoda. Hakuna kiti cha nje kinachoingia dukani siku hiyo. Anaogopa! Kimoja tu cha kwangu kikiingia mle, vya kwao vyote vitaona haya.

Nikaenda mwenyewe kukagua uwanja wa vita. Nikajifanya mteja. Nikavaa koti la harusi yangu, ambalo siku hizi linafunga kifungo kimoja, na hicho kwa kubembelezwa. Nikakaa kwenye kochi lao la ngozi. Likanimeza! Nikazama mpaka mabegani. Wakanivuta watu wawili. Nikiwa mle chini nikapata nafasi ya kupenyeza vidole, nikagusa. Maboksi! Ndani ni maboksi yaliyokunjwa! Nikatangaza kwa sauti, wateja wapate faida.

Nimesindikizwa mpaka mlangoni. Kwa heshima, nadhani. Walinishika mikono yote miwili.

Jioni mjukuu kaja na macho mekundu. Babu, nakuomba, nitafukuzwa kazi, kazi yenyewe nimeipata juzi. Njoo Jumamosi, kaa, tazama, nyamaza. Akaniahidisha. Nikaahidi. Nilipoahidi nilikuwa na misumari mdomoni, kwa hiyo sijui alisikia nini.

Dada kauliza kwa nini namtaka sana mtu huyu aseme kitu hicho. Nikamjibu kwa sababu ya Kinyozi. Akasema si kwa sababu ya Kinyozi. Nikamwambia chakula kimepoa.

Ukweli, naandika hapa maana Kinyozi hasomi: sura ya Mama imeanza kunitoka. Naikumbuka kwenye mwanga wa sinema tu, na ya wiki ile hakuna ninachokishika zaidi ya sauti moja. Ile sauti ikiwa ya uongo, basi nilikaa pale chini peke yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Siku kubwa. Watu hao! Nimepita katikati yao kama sindano kwenye mahameli. Hakuna viti mbele, kuna zulia. Nikakaa chini pale pale, mbele kabisa, miguu nimekunja kama zamani. Mlinzi akaniambia mzee inuka. Nikataka kumtii. Magoti yakakataa. Akaniacha.

Taa zikapungua. Wameweka pazia jeupe, mwanga nyuma yake. Moyo wangu ukaanza kupiga kwato. Naapa nilisikia harufu ya lile ghala, vumbi na jasho la watoto. Nikaona kivuli. Kirefu! Mabega! Nikawa na miaka yangu ile ile, kamasi tu zilipungua.

Kivuli kikasogea, kikafupika, kikafupika tena. Pazia likafunguka. Akatoka kizee kifupi, kina mkongojo, suruali imefungwa kifuani. Akaketi. Kwenye kochi la maboksi! Nyusi kaketi! Akafungua mdomo akasifu kochi lile, na sauti, jamani, sauti ya mbu aliyefungiwa chupani. Anaongea lugha ya kwao. Binti mkalimani pembeni anatuambia: mgeni anasema maisha yake yote alitamani kupumzika, na leo amepumzika.

Wakauliza kama kuna mwenye swali. Mjukuu, pale alipo na sare yake, akanitikisia kichwa. Usithubutu, Babu.

Nimethubutu. Nikamwambia mkalimani amuulize: katika ile sinema ya farasi mweupe, pale uso unapojaa shuka zima, alimtazama mtoto mstari wa mbele, akamwita Kijiti, akamwambia asilie. Anakumbuka?

Mkalimani akauliza. Kizee kikafikiri. Kikacheka, kikakohoa, kikaletewa maji. Kikajibu kirefu. Mkalimani akaniangalia kwa huruma, nikajua. Akasema mgeni anakumbuka sana. Pale hapakuwa na mtoto. Alikuwa anaongea na farasi. Farasi alikuwa mkaidi, hataki kusimama mbele ya kamera, basi akawa anamwambia simama, mpumbavu wewe, simama, nataka kwenda kula.

Watu walicheka! Meneja alicheka, mlinzi alicheka, kochi lenyewe lilicheka. Kinyozi ilibidi ashikiliwe. Mjukuu peke yake hakucheka. Alikuja akanishika chini ya kwapa, akaninyanyua pole pole, akasema twende nyumbani Babu.

Nyusi akaninyanyulia nyusi. Zote mbili zilipanda kwa pamoja. Hata hilo hawezi tena.

Jumapili, 9 Juni

Sijatoka. Kinyozi kapita dirishani, kalia kama farasi, kaondoka.

Nilikaa jikoni natazama ukuta. Dada kanisuta kidogo juu ya sabuni, kuniamsha. Sikujibu. Akaona mambo makubwa. Akavuta kigoda changu, kile kile, akakikalia, akasema mahameli ya mapazia yake imekaa vizuri. Nikasema chukua. Kisha akasema nikuambie neno, na usinikatize, maana wewe ukikatiza hurudi.

Akasema Mjomba wiki ile kifua kilimkamata. Hawezi hata kunong'ona, na watu wameshakata tiketi. Akamwambia Dada, shika tarumbeta, ingia nyuma ya shuka, useme. Dada akasema Mjomba, lugha ile siijui. Mjomba akasema kwani mimi naijua? Tazama midomo, sema lolote. Na usimwambie mtu, waliolipa wamelipia sauti ya mwanamume.

Basi akasema lolote. Ndani ya lile bati sauti yake ilishuka mpaka akajiogopa. Akasema nyuma ya shuka picha zinakwenda kinyume, bunduki zote mkono wa kushoto, lakini shuka lilikuwa jepesi, na mwanga unawapiga wale wa mbele usoni. Unawaona mmoja mmoja, wamejaa fedha fedha kama samaki. Wao hawakuoni. Akaniona mimi. Akasema nilikuwa nalia bila kupepesa, na yeye hawezi kutoka kuja kunishika, kazi ipo mdomoni. Uso wa Nyusi ukaja, midomo inacheza. Akaona hapa hapa.

"Nilikuwa na dakika ngapi mdogo wangu? Nikakwambia nipo."

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, umri wote huu. Akasema kesho yake niliamka nacheka, nawaambia watoto wote Nyusi ananijua. Angeniambia ya nini? Halafu akasema na Mama, angekuwa hai, asingependa watu wajue binti yake kasimama nyuma ya shuka na wanaume wa sinema.

Nikamwomba aseme tena. Akakataa. Mimi ni mzee, sauti imekwisha, upuuzi gani huu. Akaenda kwenye masufuria. Akalishika lile kubwa la shughuli, akaingiza kichwa kulisugua mpaka chini. Sauti ikatoka humo ndani, nzito, radi iliyo mbali:

"Kijiti, usilie. Mimi nipo."

Sikuwa nalia. Ni sufi, huwa inaingia machoni. Fundi yeyote atakwambia.

Kwa muda kidogo jiko lilikuwa na mwanga wa fedha fedha, na nikamwona Mama vizuri, mpaka pengo la jino. Halafu Dada akatoa kichwa, akaniuliza nani kaiacha sabuni kwenye maji.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimeamua. Dau ni dau, nitanyamaza mpaka mwezi uandame. Na nikifungua mdomo tena itakuwa ni kumtaja Dada yangu, jina na ukoo, mji mzima umheshimu.

Nilinyamaza vizuri sana. Kinyozi alifungua mlango, nikanyamaza. Akatundika taulo, nikanyamaza. Akajilaza kwenye kochi la mteja, akaniuliza kama nimeshakula majani yangu leo.

Nikamwambia asinichekee, sasa najua aliyesema maneno yale, na si Nyusi, ni mtu wa nyumbani kwetu. Kinyozi akanyanyua kichwa. Nani? Nilitaka kusema Dada. Naapa! Mdomo ulifunguka sawasawa, neno Dada likafika mlangoni, likapishana na Mimi likitoka.

Mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya shuka na tarumbeta! Sauti ile yangu! Nilificha umri wote kwa sababu ya unyenyekevu! Nikamweleza bati lilivyokuwa baridi mdomoni, picha zinavyokwenda kinyume, nyuso za watoto zilivyojaa fedha. Nilieleza vizuri mno. Kinyozi alikaa kitako, mdomo wazi. Wateja wake wawili wakaja kusikiliza, mmoja kanyolewa nusu.

Halafu Kinyozi akakuna kidevu. Akasema ngoja kwanza. Kama wewe ulikuwa nyuma ya shuka unasema usilie, aliyekuwa mbele analia ni nani?

Mimi pia, nikamwambia. Enzi zile nilikuwa na mbio.