Majeruhi Asiyekuwamo Kwenye Ratiba

(Hotuba ya Ndugu Yeremia Luhaga, Katibu wa Mradi wa Kuwapima Askari Mgambo katika Huduma ya Kwanza ya Vitani, aliyoitoa kwenye kiwanja cha mpira cha Igombanilo, njia ya Usagara kwenda Misungwi, mwaka 1996.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Modesta Kokushubira, uliyetoka Mwanza mjini kwa niaba ya wafadhili wetu, pamoja na dereva wako na gari lako. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati, mliofika na mliotuma udhuru. Mheshimiwa Katekista Nathaniel, ambaye akinivulia kofia ulimi wangu haujawahi kupinda. Wazee wangu, shikamooni (wazee: "Marahaba"). Mzee Chenge, mkufunzi mkuu wa askari wetu. Askari wenyewe, mlionyooka kama mabua ya mtama. Akina mama wa vitumbua. Mabibi na mabwana, kwa salamu ya Kisukuma: mwadila. (Umati: "Mwadila.")

Hamjambo? Afya zenu? Migongo je? Zile homa za wakati wa palizi zimewaachia? Mimi namshukuru Mungu, presha imeshuka, jino bado. Nawaambia haya kwa sababu ninyi ni watu wangu, na kiongozi asiyewaambia watu wake habari za jino lake atawaambiaje habari za bajeti? (Makofi. Mzee mmoja: "Ling'oe tu.") Nitaling'oa, baba, lakini kwa utaratibu.

Ndugu wananchi, katika zama hizi za soko huria, ambamo kila kitu ni ruksa, mitumba ruksa, sukari ya nje ruksa, hata sangara wa ziwa letu kupanda ndege kwenda Ulaya ni ruksa, huku sisi tuliozaliwa naye tukibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, Kamati yangu iliketi, ikatafakari, ikaunda kamati ndogo, nayo ikaketi, na katika kuketi huko ikajiuliza swali ambalo halijawahi kuulizwa na kata yoyote kando ya ziwa hili: je, askari mgambo wetu akijeruhiwa vitani, nani atamfunga jeraha? (Kimya.) Naam. Hata Kamati ilikaa kimya hivyo hivyo, wiki nzima, na posho ya kikao ikaendelea.

Hapo ndipo ulipozaliwa mradi huu, ambao kitaalamu ni projekti shirikishi ya kuinua kapasiti ya askari katika kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika na kubeba majeruhi kwa machela, na ambao hadi kufikia leo umewafikia askari wetu kwa asilimia mia moja na tatu, hizo tatu wakiwa ni watu waliokuwa wanapita njia. (Makofi.) Siyo mimi niliyefanya haya. Ni Mungu. Lakini Mungu naye alipotafuta mtu wa kumtumia katika kata hii hakuhangaika sana, maana mnajua wenyewe hali ya wengine. (Kicheko upande wa wajumbe waliotuma udhuru kisha wakafika.)

Asubuhi hii mmejionea mtihani. Mgeni Rasmi alitaka askari waitwe mmoja mmoja, kila mmoja afanye, apewe maksi. Tukamwelimisha kwa heshima zote kwamba hapa kwetu watu wakishindana hawapewi maksi kama watoto wa shule. Wanagawanywa pande mbili, kila upande unafanya vyake kwa wakati mmoja, na upande unaovutia watu wengi ndio umeshinda, kama tunavyofanya kwenye ngoma baada ya mavuno, tangu babu zetu. Ikawa hivyo. Upande wa kushoto, majeruhi wao Venant alifungwa bandeji kimya kimya, hapa, hapa, kisha hapa, akakaa kivulini akipumua. Kazi isiyo na mvuto. Watu wakawakimbia. Upande wa kulia, majeruhi Ngosha alikufa. Lakini alikufaje? Alikufa kwa mabega, akafa kwa kiuno, akafufuka kwa kuombwa na umati, akafa tena akiwa amelala chali, vidole vya miguu vikitetemeka kimoja kimoja, hata Mama Wilhelmina wa vitumbua akapita mbele kumtunza noti kwenye paji la uso. (Vigelegele. Mama Wilhelmina: "Na nitamtunza tena.") Kwa hiyo upande wa kulia umeshinda.

(Mgeni Rasmi: "Samahani, Katibu. Aliyekufa ndiye aliyeshinda?")

Ndiyo, Mheshimiwa, tena kwa kishindo. Yule aliyepona tutampa cheti cha kushiriki.

Sasa, ndugu zangu, nifungue moyo kidogo. Mama Kokushubira ameniambia pale mezani, kabla hata hajamaliza soda, kwamba awamu ya pili ya mradi ataiamua leo hii hii, na kwamba haamui kwa hotuba. Akimwona kwa macho yake askari mmoja akimhudumia mtu mmoja aliyeumia, awamu ya pili inakuja. Asipomwona, anawasha gari. Nami nikamwambia, Mama, usiwe na shaka, mradi huu umesimama imara kuliko hata jukwaa hili ninalolikanyaga, lililojengwa na Kamati kwa mbao za makreti ya samaki, tena chini ya usimamizi wangu. Uimara wake mtausikia sasa hivi.

(Katibu anapiga mguu. Ubao unavunjika. Mguu wake wa kulia unazama hadi juu ya goti. Umati unasimama.)

Ketini. Ketini, ndugu wananchi. Hii ilikuwamo kwenye ratiba. Kiongozi bora husimama jukwaani kwa mguu mmoja, na mguu mwingine anauteremsha ngazi ya chini kwa wananchi. Wengi wanasema tu; mimi nimeuteremsha. (Makofi machache.) Naendelea na takwimu.

(Sauti: "Mheshimiwa, damu inatoka. Tunaiona huku chini.")

Iacheni itoke, ina ratiba yake. Takwimu zinaonyesha kwamba, hebu subirini, takwimu zinaonyesha kwamba kuna kitu kinanilamba mguu. (Mama mmoja: "Ni mbuzi wa Odeta, Mheshimiwa. Anapenda chumvi.") Odeta, dada yangu, mwite mbuzi wako. (Odeta: "Haitiki akiwa anakula.")

(Mgeni Rasmi anasimama: "Vizuri sana. Sasa tumempata mtu aliyeumia. Askari wamhudumie. Huu ndio utakuwa mtihani wangu.")

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa wazo hilo zuri, nalo litaingizwa kwenye agenda ya kikao kijacho. Lakini kiutaratibu majeruhi wa leo alishateuliwa, ni Ngosha, jina lake lilipitishwa na Kamati, na mimi siwezi kumpora kijana nafasi yake kwa sababu tu nina damu. Majeruhi asiyekuwamo kwenye ratiba ni chanzo cha vurugu. Vitani watu wanakufa kwa sababu ya kutofuata ratiba. (Mgeni Rasmi: "Unaogopa askari wako?") Mimi? Hawa ni wanangu. Nimewalea kwa semina. (Mgeni Rasmi: "Basi waje.")

Waje. Sawa. Waje polepole. Mzee Chenge, waambie waje kama tulivyokubaliana, yaani kama tulivyowafundisha.

(Mzee Chenge anapuliza filimbi. Askari kumi wanaingia kwa mistari miwili, bega la kushoto mbele, bega la kulia mbele. Ngoma inasikika nyuma ya choo cha shule.)

Ngoma hiyo, Mheshimiwa, ni ya kutuliza majeruhi. Utafiti upo. Ngosha, mwanangu, usizunguke. Nishike kwapani univute. Msiimbe kwanza. (Wanaimba.) Haya, imbeni, lakini vuteni. (Wanamvuta kwa wimbo wa kulimia, wote pamoja kwenye kiitikio. Mguu unatoka, kiatu kinabaki chini na mbuzi.) Asante, Bwana. Yesu na Maria. Hicho kiatu kilikuwa cha mtumba lakini cha Ulaya kabisa. Muundi ndio huu, mnauona, umechanika kama mfuko wa pamba. Sasa bandeji. Venant, leta bandeji. (Venant: "Ni hii niliyofungwa, Mheshimiwa, nayo nimeshafutia jasho." Sauti: "Leteni nyingine." Venant: "Nyingine ipi?") Usijibu maswali ya umati, Venant.

(Ngosha anachutama, anafungua mkanda wa kitambaa uliokuwa chini ya soksi yake, anamfunga Katibu juu ya jeraha kwa mizunguko ya haraka, anakaza fundo. Umati wote unasogea upande huo. Katibu anajaribu kusimama. Mguu wake unalia njuga.)

(Kicheko. Vigelegele. Mama Wilhelmina anamtunza Katibu noti kwenye paji la uso.)

Ndugu wananchi. (Njuga.) Tulieni. (Njuga.) Nisipotembea hailii, kwa hiyo nitamalizia nikiwa nimesimama hapa hapa. Damu imepungua, wote ni mashahidi. Mgeni Rasmi umeona kwa macho yako mtu mmoja akimhudumia mtu mmoja, sharti limetimia, na kwa hiyo natamka kwamba awamu ya pili...

(Mgeni Rasmi: "Katibu, askari anavaa njuga chini ya soksi kwa kazi gani?")

Kwa kazi ya... (Katibu anamtazama Katekista Nathaniel. Katekista Nathaniel anamtazama Katibu, anavua kofia.)

Jamani, Katekista, umevua kofia ya nini? Sawa. Nimalizie kwa kaulimbiu, maana hotuba isiyo na kaulimbiu ni kama ugali usio na mboga. Nikisema "jeraha," mseme "lifungwe." Jeraha. (Umati: "Lifungwe.") Nikisema "damu," mseme "ibaki ndani." Damu. (Umati: "Ibaki ndani.") Mradi. (Umati hauna jibu.) Hilo hatukulifanyia mazoezi.

Mwisho kabisa, shukrani, na hapa nazungumza nikiwa na mguu unaouma na mtu wa Mungu akinitazama, kwa hiyo mnisamehe nisipopindisha. Namshukuru Mzee Chenge kwa kutuazima kikundi chake cha ngoma kutoka upande wa Bujora, vijana ambao kaki wameivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya leo. Namshukuru mwalimu mkuu aliyetuazima sare za skauti, ndiyo maana mmewaona askari wetu suruali zimeishia magotini. Namshukuru Hellen wa zahanati kwa ile bandeji moja, ambayo tutamrudishia ikishafuliwa. Namshukuru na kumkumbuka askari mgambo wa kata hii, ambaye kusema kweli ni mmoja, naye yuko Ukerewe kwenye harusi ya shemeji yake. Na kwa namna ya pekee nawashukuru Wajumbe wa Kamati walioketi vikao vyote vya mradi huu tangu ulipoanza, kwa kuwa kuketi ndiko kulikofanyika.

(Yule mzee wa "Ling'oe tu": "Leo umesema." Makofi marefu. Mgeni Rasmi anachukua mkoba wake, anaelekea kwenye gari. Dereva anawasha.)

Mama Kokushubira. Mama. (Njuga, njuga, njuga.) Habari ya awamu ya pili tuiache, nimeielewa. Lakini fundo la Ngosha limeanza kulowa, hospitali ni ya huko huko mjini unakokwenda, na katika watu wote waliokusanyika hapa hakuna hata mmoja anayejua kushona mguu. Nina swali moja tu dogo, halihitaji kikao: kwenye gari hilo kuna nafasi ya mtu mmoja aliyeumia? Naomba unijibu mapema, Mama.