Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepewa heshima! Mimi! Mbele ya shemeji!

Ilikuwa hivi. Mama mkwe anataka kwenda kumwona dada yake mkubwa, aliyetoka hospitali juzi. Dada huyo anakaa mbali, ng'ambo ya milima, ambako lami huishia njiani na kinachobaki ni mawe na mashimo. Mwaka jana shemeji, yaani kaka wa mke wangu, alimpeleka huko kwa pikipiki. Mama mkwe aliporudi alilala kifudifudi siku kadhaa. Alisema kile si kiti, ni ubao wa kufulia.

Kwa hiyo leo shemeji alipojitolea tena, mama mkwe alitazama dirishani kama hakusikia. Hapo mke wangu akadakia: mume wangu atakupeleka, mama, na hutaumia hata kidogo, nakuahidi.

Anakuahidi! Shemeji alicheka hadi chai ikampalia. Akauliza kama anazungumziwa yuleyule aliyetengeneza bomba la jikoni. (Bomba lile lilikuwa na matatizo yake. Sitaki kulizungumzia.)

Mke wangu hakucheka. Tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia ametoa neno lake mbele ya kaka yake, nisije nikamwaibisha. Nikamwambia alale usingizi. Safari ni Jumapili, na mama mkwe atasafiri kama amekaa sebuleni. Kweli kiti changu ni kigumu sawasawa na cha shemeji. Lakini shemeji hana akili yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Sebuleni! Neno langu mwenyewe la jana limenifungua macho. Sebuleni kuna nini kilicho laini? Kochi!

Nimetoa mto mmoja kati ya miwili ya kochi, ule ambao haukaliwi na mtu ila paka. Nimeupasua kwa kisu cha mkate. Sponji safi kabisa! Nimechana ngozi ya kiti cha pikipiki, nimepanga sponji juu, tabaka kwa tabaka, mbele kwangu na nyuma kwa mama mkwe. Ngozi ikakataa kufunga. Nikachukua kitambaa cha meza, cha plastiki, chenye picha za mananasi. Kimefunga vizuri sana. Kinapendeza hata.

Jaribio limefanyika uani, pikipiki ikiwa kwenye stendi. Nimekaa juu yake kuanzia baada ya chakula mpaka jua linapoa, nikisoma gazeti. Sikuumia popote! Jirani muuza mitumba amekaa, akasema hashuki. Mkewe amekaa, akasema anaomba naye apewe fundi huyo. Nikawaambia fundi ndiye mimi. Wakasifu mno. Nikaongeza tabaka jingine.

Mke wangu amerudi akauliza mto uko wapi. Nimemwonyesha mananasi. Ameuliza kama nimeiendesha pikipiki. Nimemweleza kwamba kiti ni cha kukalia, na kukaa nimekaa mchana kutwa. Wanawake wana maswali!

Jumatano, 6 Agosti

Nimeiendesha kwenda kazini. Safari nzuri sana, isipokuwa mwisho.

Ni hivi: kiti kimekuwa kirefu kwenda juu. Nikiwa ninakwenda, raha tupu, naona juu ya ukuta wa kila nyumba. Nikisimama, miguu haifiki chini. Sikulijua hilo mpaka nilipofika mbele ya duka letu la vifaa vya ujenzi, nikafunga breki, nikanyoosha mguu, na mguu ukatafuta ardhi usiipate. Nilianguka polepole. Nilipata hata nafasi ya kumsalimu tajiri wangu, aliyekuwa mlangoni. Aliitikia.

Na nani alikuja dukani dakika ileile kununua misumari? Shemeji. Amezunguka pikipiki yangu mara mbili. Akasema sasa ameelewa, nilikuwa natengeneza kitanda. Akasema Jumapili atajaza mafuta na kukaa tayari, asubiri simu ya mama yake kutoka njiani. Akasema hivyo huku anapiga mluzi!

Jioni nimefanya marekebisho. Sponji yote ya mbele nimeitoa, nikakirudisha kiti changu kama kilivyokuwa, kigumu na tambarare. Sasa miguu inafika. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kutupa mali, sponji ile nimeiongeza nyuma, kwa mama mkwe. Nyuma sasa kumeinuka vizuri. Mimi niumie, yeye astarehe. Huo ndio upendo!

Alhamisi, 7 Agosti

Mke wangu ameniomba, kwa sauti ya upole inayonitia wasiwasi, nipite kwa fundi makochi. Nimepita ili nyumba iwe na amani.

Fundi amebonyeza mananasi kwa kidole. Kidole kimezama mpaka kikagonga chuma. Akasema sponji laini inadanganya: unaifurahia ukikaa, ukienda mbali inashuka, unabaki unakalia chuma. Safari ndefu inataka sponji ngumu, na kiti kiwe sawa, kisiinamie mbele. Akaniambia nimwachie pikipiki, Jumamosi asubuhi nitaikuta tayari.

Nimwachie! Ili baadaye aseme kiti ni chake? Nimemshukuru nikaondoka.

Lakini nikiwa njiani nimewaza: sponji inashuka, sawa. Ni kitu gani kisichoshuka? UPEPO! Magari makubwa yanabeba matofali juu ya upepo, itakuwa mama mkwe mmoja? Dukani tuna mipira ya ndani ya magurudumu ya toroli. Nimechukua mmoja, nimeulaza chini ya sponji ya nyuma, nimeujaza kwa pampu ya baiskeli. Duara safi, lina tundu katikati, kama limeumbwa kwa kazi hiyo.

Jaribio uani, kwenye stendi. Nimeruka juu ya kiti, kikanirusha. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Shemeji amekwisha!

Jumamosi, 9 Agosti

Jana sikuandika, nilikuwa naosha pikipiki. Leo mama mkwe amefika na begi lake, tayari kwa kesho. Mama huyu ni mstaafu wa idara ya mifugo, alikuwa akichanja ng'ombe, na anamtazama kila mtu kama anayetafuta pa kumchoma sindano.

Nimemwomba ajaribu kiti. Nimekaa mbele, yeye akapanda nyuma. Safari hii nikawasha na injini, nikaendesha kidogo, toka mlangoni mpaka kwenye karo la kufulia nguo. Kwenye karo nikafunga breki.

Sijui niandikeje. Nyuma kumeinuka, mbele kumeshuka, na plastiki inateleza. Mama mkwe aliteremka lile teremko lote akaja kunigandia mgongoni. Mama mkwe! Mwili mzima! Kidevu chake begani kwangu! Niliruka nikaiacha pikipiki na yeye juu yake. Bahati nzuri miguu yake mirefu. Nikatazama ukuta. Yeye akatazama mbingu. Mke wangu, aliyekuwa anaanika nguo, akajifunika uso kwa shuka lililolowa.

Mama mkwe alishuka akaingia ndani. Kimya kikuu kina mshindo mkuu. Nilikaa chooni kwa muda, nikifikiri.

Na huko huko nikapata jawabu! Ukuta! Nimekata kipande cha ubao, nimekizungushia blanketi, nimekisimamisha kati ya kiti changu na chake, nikakifunga kwa nati nne. Sasa hawezi kuja kwangu hata nikigonga mti. Mbele yake ukuta, nyuma yake keria ya mizigo, chini yake upepo. Ameviangalia vyote, akaniuliza kama anasafiri au anatumwa kama kifurushi. Nimecheka sana. Mama ana utani! Yeye hakucheka.

Mke wangu amenishika mkono mlangoni. Amesema hajali kiti, hajali mto wa kochi. Anataka tu mama yake amwone dada yake, na kaka yake asipate la kusema mpaka uzeeni. Macho yake yalikuwa na machozi kidogo. Nimejisikia vibaya, kisha nimeenda kuongeza upepo.

Jumapili, 10 Agosti, alfajiri

Tunaondoka! Shemeji amekuja kutuaga, helmeti mkononi, kama mtu aliyekwisha kuitwa. Mke wangu amesimama katikati yetu amefumbata mikono. Mama mkwe amepanda, amenizidi urefu kwa kichwa kizima. Anaona mbali. Leo ndiyo leo!

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi nyumbani jana jioni. Naandika nimelala kifudifudi, kwa sababu nitakazozieleza.

Mpaka lami inapoishia tulikwenda kama malaika. Nilikuwa nikimuuliza kila mara kama yuko sawa, naye alikuwa akijibu "mmh". Kisha jua likapanda, na mpira nao ukapanda. Upepo ukipata joto huvimba, jambo ambalo dukani hawakuniambia, ingawa muuzaji wa dukani ni mimi. Kila shimo lilimrusha mama mkwe juu, nikasikia akitua, nikasikia akitaja majina ya marehemu wa ukoo. Kwenye kilima cha pili kukasikika pssss ndefu, ya huzuni. Mama mkwe akaanza kushuka pamoja na kiti. Akashuka, akashuka, mpaka nikahisi ukuta wangu unatetemeka.

Akanigonga helmeti kwa vidole viwili. "Baba, simama."

Nikasimama. Alishuka akatembea kwenda na kurudi, ameshika kiuno. Nilitoa simu yangu mwenyewe nikampa ampigie shemeji. Niliona mwisho wa ndoa yangu pale, kati ya mawe. Nilimwambia anisamehe, na kwamba mke wangu hana kosa, aliahidi kwa kuniamini tu.

Mama mkwe aliitazama simu, akanirudishia. Akainama, akabonyeza kiti cha nyuma: chuma. Akabonyeza cha mbele, changu, kile nilichokirudisha kama kilivyokuwa: kikamkatalia kidole. Akapanda mbele. Akavaa glavu zangu. Akasema: "Miaka ishirini na sita nimezunguka milima hii kwa pikipiki ya idara, na sindano za ng'ombe mgongoni. Panda nyuma, tumechelewa."

Nilipanda kwenye kiti cha kifurushi.

Siandiki yote. Mama mkwe hapunguzi mwendo kwenye mashimo, anayaruka. Kumshika sikuweza, ni mama mkwe, kwa hiyo nilishika keria kwa mikono yote miwili. Ukuta ulikuwa unanigonga kifuani na nati ya nne ilikuwa inanitafuta mahali pasipoandikika. Mara moja alipaza sauti nimshike, asije akaulizwa maiti yangu. Nilishika pindo la koti lake kwa vidole viwili. Huo ndio mwisho wa heshima niliyoweza kuivunja.

Tulifika. Dada yake alitoka nje na fimbo yake, wakakumbatiana hawaachani, wakalia wote wawili. Mimi pia nililia, ingawa kwa sababu nyingine. Kisha mama mkwe akampigia simu mke wangu, nami nikasikia kwa masikio yangu: "Tumefika, mwanangu. Mwambie kaka yako sijaumia hata kidogo."

Hata kidogo! Neno kwa neno kama mke wangu alivyoahidi! Ninavyoambiwa, shemeji alikuwa ameketi hapahapa sebuleni na helmeti mapajani, akaondoka bila kuaga. Mke wangu ananicheka na kunikanda mgongo kwa zamu. Ameniuliza kwa nini nakula nimesimama, nikamwambia ni mazoea ya wasafiri.

Pikipiki sikurudi nayo. Mama mkwe ameomba kubaki nayo huko mwezi mzima, nikarudi nimesimama nyuma ya lori la vitunguu. Mtu huomba kubaki na kitu kibaya? Ushahidi gani zaidi unatakiwa? Kabla sijaondoka alifungua ukuta, mpira, sponji na mananasi, akavitia vyote kwenye gunia akanikabidhi nirudi navyo. Anaogopa vitaibwa. Vitu vizuri vina maadui.

Kasoro ni moja tu, nimeigundua nikiwa kwenye lori: mpira mmoja hautoshi. Ilitakiwa iwe miwili.

Asubuhi nimempigia shemeji kumwambia nimemsamehe na nitamtengenezea kiti chake bure. Amekata simu. Nimeona ni aibu tu. Kesho yuko kazini mchana kutwa na pikipiki yake huwa anaiacha nyumbani, kwa hiyo nitakwenda kumfanyia bila yeye kujua. Mto wa kochi bado tunao mmoja.