Mama Mkwe Yuko Sokoni

Jumanne, 4 Agosti 1936
Soko la Kalamba limeharibika! Kila Jumanne huonja asali kwa huyu, muwa kwa yule, ndizi za Kilungu kwa wa pembeni, nikarudi nyumbani nimeshiba bila kununua kitu. Hakuna raha kama hiyo duniani. Leo kidole kimeshaingia kwenye asali, nani ameketi pale na pojo zake? Mama mkwe! Na kwetu mtu haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Nikaruka ua wa miiba. Shati langu la misheni limepasuka mgongoni.

Mke wangu Nthenya anasema dawa ni moja: nimpelekee mama yake mbuzi wa kuondoa aibu, kisha tusalimiane kama watu. Mbuzi mzima! Naandika haya kwa Kiswahili ili asisome.

Jumatano, 5 Agosti
Nimepata akili. Nimemnong'oneza jirani yangu Musyoka kwamba soko la kule Wote, ambalo nalo huwa Jumanne, limepata mnunuzi anayetoa kibuyu cha chumvi kwa kibuyu cha pojo. Nimemwapisha asiseme. Musyoka hafungi mdomo hata akitafuna. Mama mkwe atahamia Wote, Kalamba itakuwa yangu.

Jumanne, 11 Agosti
Kalamba hakuna mtu! Wanawake wote wamekwenda Wote. Asali imekwenda, miwa imekwenda. Nimemkuta mzee mmoja tu anauza kamba, na kamba haionjwi. Nthenya ameniuliza soko lilikuwaje. Nimesema zuri.

Jumatano, 12 Agosti
Musyoka amerudi kutoka Wote akijilamba vidole. Mjinga huyu! Anasema mnunuzi wa chumvi hakuja, lakini wanawake wana hakika atakuja wiki ijayo. Nimeanza kufikiri labda yuko kweli.

Jumanne, 18 Agosti
Nimekwenda Wote. Nimebeba pojo kidogo, huwezi kujua.

Sijaonja hata tone. Mama mkwe huyo, anakuja moja kwa moja! Nikakimbilia nyuma ya vyungu vya Kaluki mfinyanzi. Naye kwa aibu akakimbilia huko huko, kwa upande wa pili. Tukakaa mgongo kwa mgongo, nguo kichwani, hakuna wa kutoka kwanza. Jua kali. Soko zima likaja kutazama.

Mama mkwe akamtuma Musyoka, aliyesimama hatua moja tu, aniulize kama nina mbuzi. Nikamtuma Musyoka amjibu kwamba wamekonda. Akamtuma aniulize ni nani aliyeanzisha habari ya chumvi. Musyoka, msaliti, hakuhitaji kutumwa kwangu. Akaninyooshea kidole.

Wanawake wakapiga kelele. Nikaruka nikimbie. Mguu ukaingia kwenye chungu, chungu kikaangukia vingine. Vyote vikavunjika!

Jumatano, 19 Agosti
Kaluki amekuja asubuhi, amemchukua mbuzi wangu wa madoa kulipia vyungu. Nthenya amekasirika hadi machozi. Anasema mbuzi yule yule angemaliza aibu na mama yake, na sasa mama anarudisha pojo zake zote Kalamba.

Amebaki mbuzi mweusi. Nthenya anamtazama, kisha ananitazama mimi. Sikubali! Mbuzi wawili kwa ajili ya mama mkwe mmoja?

Jioni nimempitia Musyoka. Nimemnong'oneza kwamba Kilungu kuna mnunuzi anayetoa sukari kwa pojo. Safari hii nimemwapisha mara mbili.